Kumjibu Josi

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimerudi kazini. Siku kumi na moja tangu tumzike dada Edna. Walimu wenzangu wamenipa pole, nikasema asante, nimeshapoa. Kidato cha pili: barua za kirafiki kwa Kiingereza. Anwani juu kulia, tarehe, salamu, hali, habari zenyewe, kuaga, jina. Shamsia akauliza: mwenye habari mbaya anaanza nayo, au anauliza hali kwanza? Nikamjibu, hali kwanza. Akaandika.

Jumatano, 6 Agosti
Shemeji Godlisten, mume wa Edna, kapiga simu. Yuko kazini melini. Mtoto wao Josi bado hajui! Anachojua ni kwamba mama yake anaumwa. Ana miaka kumi na miwili, yuko bweni Afrika Kusini. Simu hawaruhusiwi, Jumamosi tu wanafungua imeili, na kila Jumamosi humwandikia mama yake. Kwa Kiingereza — Kiswahili chake ni cha kuokoteza.
"Natia nanga tarehe ishirini na nane. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Shemeji, simu ya Edna unayo, na wewe ni mwalimu. Mjibu kama Edna. Barua mbili tatu tu."
Nikasema sawa. Haraka, kama mtu aliyeombwa chumvi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane, hakuna shule. Nimekwenda Magoma kwa mama. Nimemkuta anapukuchua mahindi. Nikamweleza. Akapukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.
"Salome, marehemu hasemewi."
Nikamwambia baba mtu ndiye kaamua.
"Na wewe umeamua nini?"
Tukala ugali na kisamvu. Sikusikia ladha.

Jumamosi, 9 Agosti
Imeili imeingia. Josi anasema wamefungwa netiboli, waya za meno zinamuuma, na mama atapona lini?
Nimejibu. Dear Josi, mkato. Natumaini u mzima. Aya nne, kila moja na jambo lake. Mwisho nikaandika Mama. Nikakagua nukta, nikatuma. Sikulia. Nikafua mashuka.

Jumanne, 12 Agosti
Nimesahihisha madaftari arobaini na sita. Wote wazima wa afya, wote wanatumaini rafiki naye ni mzima. Vema. Vema. Vema.

Jumamosi, 16 Agosti
Saa tano asubuhi imeili ya Josi. Mstari wa kwanza: wewe ni nani?
Anasema mama hajawahi kumwandikia Dear. Mama huanza katikati, kana kwamba walikatishwa maongezi. Hamuulizi hali, humwambia amekula nini. Na mama hajui mkato unakaa wapi!
Nikafungua barua za Edna za nyuma. Sijui kwa nini sikuzisoma mapema. Kweli. Hakuna herufi kubwa hata moja. Moja inaanza: na yule mbuzi wa jirani karudi tena. Nyingine yote ni maharage — kayaunguza, kayala hivyo hivyo. Nimemsikia anacheka. Kwa mara ya kwanza tangu azikwe, nimemsikia.
Josi anasema wanafunga kompyuta saa sita yao, saa saba yetu. Anasubiri hapo hapo.
Nimempigia Godlisten mara nne. Hapatikani. Nikampigia mama.
"Mama, nifanyeje? Baba yake alitaka kumwambia mwenyewe."
"Baba yake yuko baharini. Mtoto kakuuliza wewe."
"Yuko peke yake huko, mama."
"Basi ukinyamaza ndiyo hatakuwa peke yake?"
Saa sita na nusu. Nimefuta Dear. Nimefuta natumaini. Nimeandika jina langu chini, Salome, juu yake peupe. Miaka kumi na nne nafundisha barua na sijui sentensi ya kwanza inakaaje.
Saa saba kasoro dakika kumi. Nyingine imeingia. Maneno mawili tu, na ya Kiswahili:
Mama mdogo?