Namba za Kobe

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na watoto, na kile kikohozi cha mdogo kiwe kimeshakwisha. Huku tupo. Baba anakula, analala, anagombana na redio kama kawaida yake. Mimi pia ni mzima, ila nimechoka, uchovu ule unaolala nao na kuamka nao.

Najua utashangaa kuona karatasi. Tumezoea kuandikiana kwa simu, nusu ya maneno tunayakata na nusu tunayaacha ubashiri mwenyewe. Safari hii nimeshika kalamu, na sababu utaikuta mbele. Nakuomba uisome yote kwanza. Ukishamaliza, usinipigie mimi.

Nianzie hospitali, maana mengine yote yametokea pale. Baba alipoanguka bafuni nilimpeleka, daktari akambandika nyaya kichwani, akasoma, kisha akaniita kando kwenye korido wakati Baba bado anafunga vifungo vya shati. Aliniambia Baba hupotewa na fahamu kwa muda mfupi, hata akiwa amekaa kitako macho wazi, na pengine mwenyewe asijue. Dawa zipo, alisema, lakini usukani basi, uwe wa lori au wa gari dogo. Akaniachia mimi nimweleze nyumbani taratibu, kwa kuwa mimi ndiye ninayemjua. Nilikupigia kabla hatujatoka getini. Ulisema nisithubutu. Ulisema mtu aliyeendesha lori maisha yake yote, ukimwambia imetosha, umemzika. Basi zile dawa tukamwambia ni za presha.

Tangu Kobe, lile lori letu, auzwe, Baba anaendesha malori ya watu, na kazi anazipata kwenye ile programu ya mizigo. Kengele inalia, anaona shehena inatoka wapi na inakwenda wapi, anabonyeza kukubali, anavaa kofia, huyoo yadi. Kwa hiyo ukasema dawa ni kuificha ile programu. Tukiifuta atapiga kelele na atairudisha, lakini ikifichwa atadhani biashara imelala, na polepole atazoea. Ulinielekeza ukiwa kwenye mapumziko yako ya mchana, unatafuna: bonyeza usiachie, chagua kuificha kwenye folda, tia namba ya siri, umemaliza. Nilisimama jikoni na simu yake mkononi, yeye anaoga. Ilipodai namba ya siri niliandika ya kwanza iliyonijia, nayo ilikuwa ya Kobe.

Ungekuwa wewe ungeandika gani? Namba za lori lile tulizijua kabla ya kujua tarehe zetu za kuzaliwa. Likipiga honi kwa mbali tulikimbilia dirishani kuhakikisha ni lenyewe, na Mama, kabla hajatutoka, alikuwa akizisema kwa sauti kama anayeitikia sala. Lilipanda milima kwa mwendo wa jina lake, lakini ndilo lililotusomesha. Sikuwaza zaidi ya hapo. Niliirudisha simu mezani, kifudifudi, kama alivyoiacha.

Yaliyofuata hukuyaona. Asubuhi Baba alikaa kibarazani amevaa kofia, kidole kinatelezatelezesha kioo cha simu kama mtu anayetafuta punje kwenye mchele. Aliniuliza mizigo imekwenda wapi. Nikasema biashara imedorora. Akauliza ina maana watu wameacha kujenga, saruji siku hizi inatembea yenyewe? Nikamjibu kwa macho makavu kwamba hali ni ngumu kila mahali. Alipoipeleka kwa fundi simu wa pale kona, nilikuwa nimeshatangulia kuongea na fundi, naye akamwambia ni mtandao. Baba alirudi akimsifu yule fundi kuwa ni mkweli, maana mwingine angembadilishia vifaa vizima.

Kisha akapita Breki. Unamkumbuka Breki, yule utingo wa Baba aliyekuwa akiruka chini na gogo la kuzuia tairi kabla hata lori halijasimama? Siku hizi ni dereva kamili, ana kitambi. Alisimama getini akatangaza kwamba mizigo imejaa hadi madereva wanaikimbia, akamuuliza Mzee mbona kajificha kama mwali. Mimi nilikuwa naanika nguo. Niliganda na shuka mkononi. Baba aliitazama simu, akanitazama mimi, kisha akauliza kama chai imebaki. Nami nikajidanganya kuwa nimepona.

Kila jioni nikirudi kutoka kiwandani, nyuzi zimenijaa kichwani na mgongo umekufa kwa kushona kola mchana kutwa, nilichukua simu yake nikijifanya naichaji, nikafungua ile folda ya siri. Programu ilikuwamo, imetulia. Nikakuandikia kwamba mambo shwari, wewe ukanijibu kwa picha ya kidole gumba. Ndivyo tulivyoishi, Kaka. Kumdanganya mzazi ni kazi ya kutwa nzima, na mimi nilikuwa na kutwa nyingine kiwandani.

Juma lililopita msimamizi alinifuata kwenye cherehani akaniambia jirani yetu yuko kwenye simu. Jirani alisema Baba ametoka na kofia na ule mfuko wake wa safari, na hakuaga. Niliacha kola chini ya sindano. Nikachukua pikipiki hadi yadi ya malori. Nitakueleza ukweli: njiani sikuwa nikimuwaza Baba. Niliwawaza watu wanaovuka barabara. Kila niliyemwona amesimama ukingoni mwa lami nilitaka kumwambia asubiri kwanza.

Nilimkuta. Alikuwa juu ya lori lililokwisha kupakiwa, turubai limefungwa, lakini injini imezimwa. Alikaa kiti cha abiria, mfuko miguuni. Breki ndiye aliyekuwa nyuma ya usukani, na wote wawili wametazama mbele kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Breki aliponiona aliteremka, akaniambia, "Dada, mzee ana maneno yake na wewe," akaenda kugongagonga tairi ambazo bila shaka alikwisha kuzigonga. Palibaki mahali pamoja tu pa kukaa. Nikapanda kiti cha dereva.

Baba aliniambia kwanza nifunge mlango, vumbi linaingia. Kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kufunga nyumba na kutundika ufunguo kwenye kitasa. Nikauliza nyumba gani. Akasema namba za Kobe. Alizijaribu kwenye ile folda siku ileile Breki alipopita, akajaribu mara moja tu, ikafunguka. Alisema aliudhika. Kufichwa angeweza kusamehe, lakini kudhaniwa amezisahau namba za lori lake! Tangu siku hiyo, kila nilipotoka kwenda kazini aliifungua, akatazama mizigo ya watu, na kabla sijarudi akairudisha programu foldani ilimokuwa, kwa sababu nilirudi nimechoka na hakutaka kuniongezea kazi. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akasema hakukubali mzigo wowote hadi asubuhi ile. Asubuhi ile alikubali. Alikuja, akasaini, akapanda, akawasha, akausikia mkono wa gia ukitetemeka kiganjani, akazima. Ndipo alipompigia Breki aje aupeleke yeye. Nilitaka kumshukuru, akainua mkono nisubiri.

Alinieleza safari yake ya mwisho, ile ya kabla hajaanguka bafuni. Anakumbuka kituo cha mafuta. Alitaniana na yule mama wa pampu kuhusu viatu vyake. Anakumbuka mizani, foleni, na karani aliyekuwa akipiga miayo. Katikati hana kitu. Alisema haukuwa usingizi. Usingizi wa barabarani anaujua, ameishi nao. Na hapo katikati, Kaka, unapajua, pana ule mteremko mrefu, na chini yake kuna shule. Alipita saa ambayo watoto wanatoka. Hajui alipitaje. Alipofika yadi alilizunguka lori, akashika bampa, akashika taa, akainama kutazama tairi moja moja. Sikumuuliza alikuwa akitafuta nini. Hakukuta kitu, na hakumwambia mtu.

Wewe na mimi tulijisifu kwamba tulimbembeleza hadi akakubali kwenda hospitali. Alikwenda kwa sababu hiyo. Alimwona daktari akiniita koridoni, akakaa anafunga vifungo vilivyokwisha kufungwa, akisubiri nirudi nimwambie, ili naye aniambie. Nilirudi nikasema presha. Kila jioni alikaa nami mezani akiniachia nafasi, nami nikamsimulia kola. Mwisho akaanza kutuamini. Alijiambia watoto wake wamesoma, wakisema presha basi huenda ni presha, na ile sehemu ya barabara iliyopotea ni uzee tu. Imani hiyo ndiyo iliyombonyezesha kukubali asubuhi ile. Ile folda haikumzuia, na presha yetu ndiyo iliyompandisha lorini. Kilichomshusha ni ule mkono wa gia, uliomkumbusha kipande cha barabara asichokikumbuka.

Basi nilimwambia yote palepale, neno kwa neno kama daktari alivyosema. Na wewe nilikutaja. Siombi radhi kwa hilo. Aliuliza kama ulisema kweli kwamba kuambiwa kungemzika, nikasema ndiyo. Akasema hata jeneza hajaona.

Tuliporudi alinipa simu akaniagiza niitoe programu ile mafichoni, niiweke juu kabisa, inapoonekana. Nilitaka kuifuta. Alikataa. Anasema kengele ikilia anataka kuikataa mwenyewe.

Na karatasi hii ni agizo lake. Alitaka nikuandikie mahali ambapo hakuna cha kubonyeza kikapotea, na nimsomee kabla sijaifunga. Nimemsomea hadi hapa. Amesahihisha jambo moja: anasema Kobe hakuwa mzito wa mwendo, mizigo ndiyo iliyokuwa mizito, na kwamba mwandishi awe mwangalifu. Mengine yote ameyaacha yalivyo.

Kwa hiyo mpigie yeye. Habari za presha ziache. Muulize kuhusu kile kipande cha barabara kati ya pampu na mizani. Mimi amenisimulia mara moja na nimeona alivyotoka jasho. Mara ya pili isikilize wewe, ndiwe mkubwa. Kisha uombe ruhusa kazini uje.

Wifi msalimie sana, mwambie sare alizoomba zimekwisha kukatwa. Watoto wabusu, waambie shangazi yao ana vifungo vingi vya rangi kwa ajili yao. Breki anakusalimia.

Kengele imelia sasa hivi kibarazani. Imelia muda mrefu kuliko ya jana. Nimeweka kalamu chini, sikutoka. Imenyamaza, na nasikia Baba anadai chai yake.

Ni mimi mdogo wako,
wa kwenye kola.