Vipande vya kanga kwenye mpira wa matone

Mjukuu wangu Raya,

Hapa Hail, Saudia, hatujambo, ila mtoto anaota meno na mimi nna usingizi wa siku tatu. Ubibi wangu ni wa ukoo tu, lakini umeniuliza kama umwambie mwalimu kuwa kosa ni lako, si la mwenzio. Basi sikiliza.

Nilipoolewa huku niliuona mpira mweusi wa bustanini unavuja kila hatua. Kwetu Unguja tukimwagilia kwa ndoo, nikadhani umetoboka. Nikavifunga vitundu vyote kwa vipande vya kanga. Kumbe ndivyo unavyomwagilia, tone kwa tone. Baada ya wiki mindimu ya baba mkwe ikanyauka.

"Wafula, umekuja kulala hapa?" alimfokea mtunza bustani wetu, Mkenya.

"Pole, mzee," akajibu. Vipande alishavifungua, vimo mfukoni mwake. Nimesimama pale pale, nikanyamaza. Baadaye akanitilia mkononi: "Mama, kanga yako."

Mpaka leo ananisalimu kwa heshima, nami natazama chini. Nikimaliza barua hii nnakwenda kwa baba mkwe. Wewe nenda kwa mwalimu kesho, usikae miaka kama mimi.

Bibi yako,
Zuwena