Msalaba wa Mama

Litembo, 2 Machi 2025

Mwanangu Vitalia,

Pokea salamu zetu za hapa nyumbani. Sisi hatujambo, mvua bado zipo na tumeanza kufyeka majani ya ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, kwa ajili ya maharage. Mguu unaniuma kama kawaida yake, naenda nao hivyo hivyo. Wewe hujambo? Joto la huko ziwani limepungua?

Joakim amenionyesha ujumbe wako. Unataka yeye, mdogo wako, ashike msalaba wa mama yenu tutakapousimika kaburini Jumatatu ya Pasaka. Nimemkatalia. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza ndiye anayeushika wima wakati watu wanashindilia udongo, na ndiye anayeanzisha sala ya Nasadiki. Bibi yako nilimshikia mimi. Mama yako utamshikia wewe.

Au kuna jambo? Niandikie barua. Kwenye simu utasema "sawa, Baba" kisha ufanye unavyotaka, nakujua.

Baba yako,
Hyasinti

*

Ngumbo, 11 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na joto liko palepale. Pole na mguu. Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeshampa jirani?

Baba, jambo lipo. Siwezi kusimama mbele ya watu nikasema nasadiki ufufuko wa miili wakati sijui kama hata mmoja alifufuka. Mimi ni hakimu, kazi yangu ni kusikiliza watu walioapa. Mtu akieleza asichokijua namkatiza. Sasa mimi nani atanikatiza?

Juzi nimetoa hukumu ya kesi moja, kwa hiyo naweza kukusimulia. Nazari ni mvuvi wa usipa, dagaa wa huku ziwani. Mwaka jana upepo wa mwera ulipindua mtumbwi wake, mtumbwi ukarudi ufukweni, mwenyewe hakuonekana. Ndugu zake wakamlilia, na kwa kuwa hawakuwa na mwili, wakauvika mgomba sanda wakauzika. Matanga yakaisha, mdogo wake Damiano akarithi mtumbwi na nyavu. Baada ya miezi kadhaa Nazari akarudi kwa miguu. Kumbe wavuvi wa Malawi walimwokoa, akaugua huko upande wa pili wa ziwa. Damiano akamkana: huyu si ndugu yangu, ndugu yangu tumeshamzika. Akaleta mashahidi watatu, na wote watatu walisema maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Wazee wa baraza wakatazamana. Nikajua wamefundishwa, na Nazari akarudishiwa vyake.

Nikawaza, je, na Yesu wa Yerusalemu naye hakuwa Nazari mwingine, mtu aliyedhaniwa amekufa? Tena wanne walioandika habari zake hawapatani hata juu ya akina nani walikwenda kaburini asubuhi ile.

Sikatai, Baba. Nasema sijui.

Mwanao,
Vitalia

*

Litembo, 19 Machi 2025

Mwanangu mpendwa,

Ni matumaini yangu barua hii inakukuta na afya. Dawa nilimpa jirani kidogo tu. Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu mpaka Joakim akaja kuchungulia kuna nini.

Tuanze na Nazari wako. Walizika mgomba kwa sababu hawakuwa na mwili. Yesu aliuawa na askari ambao kuua ndiyo kazi yao, akazikwa mwili wake wenyewe. Halafu hukuniandikia watu walifanya nini Nazari alipofika, lakini najua. Walimpa uji, wakampa pole, wakamtafutia shati. Hakuna aliyesema huyu ameshinda mauti. Mtu aliyeponea chupuchupu misumarini angebebwa kwa machela. Asingewafanya waoga waliojifungia ndani watoke kutangaza habari zake katika mji uleule alimouawa, ambako kaburi lilikuwa karibu na anayebisha angekwenda kuangalia.

Pili, mashahidi wa Damiano uliwakataa kwa kuwa walifanana mno. Basi wangu usiwakatae kwa kutofanana. Mmoja anataja wanawake watatu, mwingine mmoja, lakini wote wanasema kaburi lilikuwa tupu na wanawake ndio waliotangulia kufika. Zama hizo neno la mwanamke lilionekana jepesi barazani, na hicho kiti chako usingekisogelea. Anayetunga uongo angewatanguliza wanaume.

Tatu, na hili ndilo nalipenda zaidi. Damiano alimwona ndugu yake mzima akamkana kwa ajili ya mtumbwi. Yakobo, ndugu yake Bwana, hakumwamini alipokuwa hai. Baadaye akakubali kuuawa kwa ajili yake. Niambie, mheshimiwa hakimu, katikati hapo aliona nini?

Nimefundisha katekisimu miaka mingi. Watoto huimba majibu, hakuna anayeuliza. Wewe umeniuliza, na nimefurahi kuliko kama ungenitii. Ila msalaba hatashika mwingine. Usipoushika Pasaka hii, utabaki umeegemezwa ukutani mpaka siku utakayokuja.

Baba yako,
Hyasinti

*

Litembo, 7 Aprili 2025

Vitalia mwanangu,

U mzima? Sijapata jibu. Fundi ameuleta msalaba, wa mninga, mzuri sana. Shangazi zako wanauliza kama wapike pombe au wasubiri. Nimewaambia wapike.

Maneno yangu ya mwisho yalikuwa makali, lakini siyarudishi. Kama huwezi kuushika, njoo hivyo hivyo ukae nasi. Chakula hakina masharti.

Baba yako

*

Ngumbo, 14 Aprili 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Niko salama. Wasalimie shangazi wote.

Nilikaa na zile Injili kama jalada la kesi, nikajipa upande wa kupinga. Nikasema wanafunzi waliuiba mwili. Lakini mwizi hafi akitetea alichokiiba huku anajua ni uongo. Nikasema waliota. Baba, mimi Mama nimemwota mara nyingi tangu tumzike. Kila nikiamka najua amekufa. Sijawahi kutoka kwenda kwa jirani kusema amerudi. Na Yakobo wako sijapata pa kumweka.

Bado sijaona mtu akifufuka, na jambo zito hivi hupimwa kwa mizani nzito. Lakini nakuambia kweli, nimewahi kumfunga mtu kwa ushahidi mwepesi kuliko huu, na sikujuta.

Kwa hiyo si ushahidi ulionizuia. Wakati wa msiba mlisema nina moyo mgumu, sikulia. Nilikuwa nimeamua Mama amekwisha, na hilo nilishalizoea. Nikisema nasadiki, itanibidi nianze kumngojea, na kumngojea kunaniuma kuliko kumzika. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia.

Nakuja Jumamosi. Nitaushika msalaba. Nikifika penye ufufuko sauti ikakatika, Joakim asinimalizie, wala wewe usinimalizie. Shindilieni udongo taratibu mningoje. Neno hilo nitalisema mwenyewe.

Mwanao,
Vitalia