Kijiti Hajui Kukataa

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Kituo cha Zimamoto.
Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo na baridi ya huko? Na lile goti lako limetulia, au bado linalalamika kila ukipanda ngazi za hiyo nyumba ya wazee unayofanyia kazi? Usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako. Nakujua tangu ulipokuwa ukinibeba mgongoni, na hata wakati ule ulikuwa ukisema hujachoka huku unahema.

Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri, anasikia kile anachotaka kusikia, na amegombana tena na redio. Wifi yako ameifanya ile shali uliyotuma kuwa ya kutokea, hataki hata niisogelee. Mimi nina kikohozi changu cha vumbi la sponji, kile kisichoniua wala kuniacha. Kijiti wako naye mzima, anarefuka kila nikimpa kisogo. Sketi ya shule tuliyomshonea juzijuzi sasa wifi yako anaitazama kwa mashaka.

Najua utashangaa kupokea bahasha. Simu tunazo, na Jumapili tulizungumza mpaka Mama akasinzia na kipokezi sikioni. Lakini nina neno ambalo kwenye simu lisingetoka, na sababu yake utaiona mbele. Kwa hiyo chemsha chai, kaa kitako, usome polepole.

Kwanza hii baleti ya Kijiti, dansi yake ya ncha za vidole. Nahisi tumekueleza vibaya. Kila ukiuliza tunakwambia "anaendelea na michezo yake," nawe unacheka, tunahamia habari nyingine. Dada, si michezo. Mtoto anaamka kabla yetu wote. Ukiingia jikoni unamkuta ameshika sinki kwa mkono mmoja, mguu mmoja uko nyuma hewani, na macho anayatuma mbali kama anayesubiri mgeni. Akimenya viazi, nyayo zimetazama nje. Akisoma, vidole vya miguu vinafanya kazi chini ya meza. Nywele anazifunga fundo utosini, na vibanio vyake vimeenea nyumba nzima. Juzi mteja alikalia kochi jipya karakana akaruka kama aliyeumwa na nyuki, tukapekua tukakuta kibanio. Nilimpunguzia bei mtu wa watu.

Mwanzoni nilidhani ni wazimu wa kupita. Fundi Rangi, jirani yetu, alimwona akivuka mtaro kwa ncha za vidole, akaniuliza kwa huruma kama mtoto amekanyaga msumari. Tulicheka sana. Kijiti hakununa. Alimweleza Fundi Rangi hatua ile inaitwaje na kwa nini goti lazima linyooke, mpaka mzee wa watu akaweka ndoo chini akajaribu. Kipenda roho hula nyama mbichi, nikasema, acha tuone. Basi ni mwaka wa pili huu, na bado tunaona.

Sasa nikusimulie kilichonipata. Ucheke, ruhusa unayo, ila ukimaliza kucheka uendelee kusoma.

Chumba cha nyuma tulimwachia afanyie mazoezi. Sakafu yake ni saruji tupu. Mimi nikiwa karakana nasikia kishindo kila anapotua, na kila kishindo nakisikia kwenye visigino vyangu mwenyewe. Roho ikaniuma. Na wewe unanijua, mimi ni fundi makochi, dawa yangu ya kila kitu ni sponji. Nikachukua ile nzito, ya daraja la kwanza, niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya viti vya daktari wa meno. Nikaitandika chumba kizima, ukuta hadi ukuta, nikaifunika kwa ngozi bandia ya kijani na kuibandika kwa gundi isiyo na mzaha. Ile fimbo ndefu ya ukutani anayoshikilia nayo nikaivisha sponji na mahameli, nikaitia vifungo kama kiti cha waziri.

Nilipomwita alisimama mlangoni, akatazama, akanirukia shingoni. Asante mjomba, asante mjomba, mpaka nikajiona nimejenga ikulu. Tangu siku hiyo akawa anafanya mazoezi humo bila kukosa, nami nikawa natembea mtaani kifua mbele.

Mwalimu wake ni mama mmoja mkavu, mwenye mkongojo na nyonga iliyochoka, asiyemsifu mtu. Siku moja akaja karakana, nikadhani ana kochi la kutengeneza. Kumbe amekuja kuuliza mtoto ana nini. Anayumba, akasema. Akisimama kwa mguu mmoja anautafuta ukuta, na kifundo cha mguu wa kushoto kimeanza kuvimba. Nyumbani anafanyia wapi mazoezi? Dada, nilimpeleka kwa maringo! Nilimfungulia mlango kama mwenye hoteli. Akaingia, akazama, akalishika bega langu asianguke. Kisha mama yule asiyecheka akacheka mpaka akakaa chini. Kwa kuwa chini kwenyewe kulikuwa sponji, alikaa vizuri sana.

Kumbe anayecheza baleti anataka chini pagumu pa kumrudisha juu. Kwenye sponji mguu unaitafuta sakafu hauipati, na kifundo ndicho kinachoteseka kutafuta. Alisema mbao, ziinuliwe kidogo juu ya fito ili ziwe na uhai. Nikaanza kuing'oa ikulu yangu siku ileile. Ile gundi isiyo na mzaha ilinionyesha kweli haina mzaha.

Jioni nikamkalisha Kijiti kwenye kochi la mteja, nikamfunga barafu kwenye kifundo, nikamuuliza alijua tangu lini kwamba sponji haifai. Tangu siku ya kwanza, akasema. Sasa mbona hukuniambia, mwanangu? Akatazama vidole vyake.

"Ulikuwa unapiga mluzi, mjomba. Ulipokuwa unabandika. Huwa hupigi mluzi ukifanya kazi."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta nyundo.

Kifundo kimepona, usihofu. Mbao zimekwisha kuwekwa na sasa kishindo chake kimekuwa kizuri, hata Mama anakisikia, na unajua anavyochagua. Baada ya hapo nikaona nisiwe mjinga mara mbili, nikafunga karakana mchana mmoja nikaenda kumtazama darasani kwao. Ni chumba kirefu, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kioo cha ukutani kina ufa uliozibwa kwa utepe, na muziki unatoka kwenye spika ndogo juu ya stuli. Watoto wengine nao walicheza vizuri, siwezi kuwatia ila. Lakini Kijiti alipotoka kwenye kona akavuka chumba, akainuka, sikumjua. Mtoto yule wa kusema "samahani" hata akigonga meza, pale hakuwa akiomba radhi kwa mtu yeyote. Alikichukua chumba kizima kana kwamba ni chake. Wanasema ukiona vyaelea vimeundwa, nami vile anavyoviunda ninavijua, naviona kila asubuhi jikoni. Nililia, Dada. Nilisingizia vumbi la sponji, lakini kule juu hakuna sponji.

Mwalimu amesema muhula ujao atampandisha darasa la wakubwa. Nilipomuuliza kama mtoto ana kipaji, alisema tu kwamba kati ya wote aliowahi kuwafundisha, huyu ndiye asingependa kumwona ameacha. Kwa mama yule, hiyo ni hotuba.

Sasa nije kwenye simu yako ya Jumapili.

Uliposema vibali vimetoka, na kwamba umepata chumba chenye madirisha mawili, na kwamba shule ikifungwa Kijiti anakuja kuishi nawe, wote tulishangilia. Wifi yako alipiga vigelegele, ulivisikia. Unastahili furaha hiyo. Umefua mashuka ya watu na kuwageuza wazee wa watu vitandani miaka yote hii kwa ajili ya siku hiyo moja, na hakuna anayejua hilo kunizidi. Kijiti naye ulimsikia. Sawa mama. Nimefurahi mama. Sauti haikutikisika hata kidogo.

Kisha akaenda jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo wifi yako alikuwa amekwisha kuviosha. Nikamfuata. Nilichukua kitambaa nikawa nafuta anachoosha. Tukamaliza sahani zote. Ndipo akaniambia, bila kunitazama: "Umemsikia mama alivyocheka?"

Ni hayo tu aliyosema. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kung'oa sponji majuzi tu, na ile "sawa mama" nikaijua. Ni pacha wa ile "asante mjomba".

Nisikilize vizuri hapa. Sisemi hataki kuja. Anakutaka. Jino lake la mwisho la utoto lilipong'oka alilitia kwenye kasha la kibiriti, na hataki mtu alitupe mpaka wewe ulione. Mtoto asiyemtaka mama yake hafanyi hivyo. Ninachosema ni kwamba anavitaka vyote viwili, wewe na baleti, na sijui kipi kinamvuta zaidi, na nadhani hata yeye hajajiruhusu kujiuliza. Huko uliko sijui kama kuna mahali pa kuchezea. Ulituambia ni mji wa kiwanda cha biskuti na nyumba ya wazee. Labda pako, hukuwa na sababu ya kutafuta. Tafuta sasa, tafadhali, kabla hujakata tiketi.

Na kuna jambo sijawahi kukwambia kwa kuogopa kukuumiza. Siku ile unaondoka aligoma kuvaa viatu. Alikaa mlangoni, akavikumbatia, akakaza. Wewe uliona ni utundu wa mtoto mdogo, ukambusu ukaenda, na ulikuwa huna njia nyingine, sikulaumu hata chembe. Baadaye aliniambia alidhani asipovaa viatu hamtaweza kutoka, na asipotoka yeye, nawe hutaondoka. Basi alikataa kwa nguvu zake zote, na bado uliondoka. Tangu siku hiyo, Dada, mimi sijamsikia akimkatalia mtu anayempenda kitu chochote. Watu wanatusifu tumelea mtoto mtiifu. Mimi kila wakisifu moyo unanipiga.

Utaniuliza mbona sikumuuliza mimi mwenyewe. Kwa sababu mimi nina upande. Nataka abaki. Nimeshaandika, siwezi kufuta. Nyumba hii bila vishindo vyake sijui nitaishije, na wifi yako ndiyo kabisa, ingawa Jumapili alijikaza. Nikimuuliza, atauona uso wangu na atanipa jibu la uso wangu. Wewe ukimuuliza kwenye simu, ataisikia sauti yako na atakupa jibu la sauti yako. Ndiyo maana nimeandika.

Ombi langu ni hili. Mwandikie barua yeye, si mimi. Karatasi haina uso wala sauti. Ataisoma peke yake, pale kwenye mbao zake, mlango ukiwa umefungwa, nami nitahakikisha hapana mtu anayegonga. Muulize anataka nini. Usimwambie jinsi ulivyokitafuta hicho chumba kwa taabu. Usimwambie wewe ungependa lipi. Mwandikie waziwazi kwamba anaruhusiwa kukukatalia, na kwamba akikukatalia utakuwa mama yake Jumatatu, na Jumanne, na siku zote zinazofuata. Hilo la mwisho liandike hata mara mbili.

Akisema anakuja, nitamfungia mizigo mwenyewe na kumsindikiza mpaka pale wasindikizaji wanapozuiwa, na sitalia mbele yake. Akisema anabaki, njoo wewe likizo yako ya kwanza, umwone akivuka kile chumba. Lolote atakaloamua, nitaliheshimu, hata likinivunja.

Mama anakusalimu na anauliza kama huko redio zao zinasema kweli. Wifi yako anakusalimu mno. Fundi Rangi anakusalimu, anadai hatua ile ameipata, lakini usimwamini. Kijiti hajui kama nimekuandikia. Amemaliza mazoezi sasa hivi, anapita dirishani na soksi zake ndefu anazianika kwenye kamba, na anaimba kidogo.

Mungu akulinde njiani na kazini, aliponye hilo goti, akupe maneno mepesi utakapokaa kumwandikia mwanao. Na jibu lake likifika mkononi mwako, Dada, hata kama ni hapana, shukuru. Litakuwa la kwanza analompa mtu bila woga, na atakuwa amekupa wewe.

Ndimi ndugu yako akupendaye siku zote,

Mjomba wa Kijiti