Kapu la Mama Lafika Gachoka

Kinoru, Meru

Mama yangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Kabla hujaendelea, kaa kitako, vaa miwani yako, na usimpe shangazi akusomee, maana ataruka yote yanayomhusu yeye. Goti laendeleaje? Na ule mnazi wa nyuma umeshaangushwa, au bado mwagombana na jirani? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mkweo Salimu azidi kunenepa kwa ndizi za Mitunguu anazozipakia kupeleka Mombasa. Nusu ya mzigo nadhani yeye ndiye anayeumaliza njiani. Mimi nimejifunza kulala na soksi. Cheka tu, lakini baridi ya Kinoru haina dini.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utanikata kauli. Mara ya mwisho uliniambia umeacha kusuka ukili wa makapu, na majani yako yote ya miyaa umempa jirani huyo huyo wa mnazi awashie jiko. "Nani ataka kapu la miyaa siku hizi, na plastiki imejaa madukani?" Maneno yale yameniuma, mama. Basi leo nipe masikio.

Kibanda chetu wakijua, mimi na Kagendo, fundi mwenzangu mwenyeji wa hapa Meru. Twanunua mitumba iliyokataliwa na kila mtu, majinzi yaliyochanika, mapazia yaliyopauka, twaifumua na kuigeuza nguo mpya. Leso kuukuu nazo twazifanya bitana za vyondo, vile vikapu vya huku vya nyuzi za mkonge. Vyondo hivyo hutusukia Mama Ciarunji wa Gachoka, kule chini Mbeere. Ni hirimu yako. Nyuzi asokota mwenyewe juu ya paja lake, rangi achemsha kwa magome ya miti, na ukimletea uzi wa nailoni atakufukuza wewe na uzi wako.

Sasa, akatokea Kendi, mwalimu wa Mitunguu anayeolewa. Yeye ataka kila shangazi wa pande zote mbili apewe kiondo chenye bitana ya leso, tena kisiwe na plastiki hata chembe. Tulipiga vigelegele mpaka muuza mayai akaja kuuliza nani kajifungua. Nikampigia Mama Ciarunji, akakubali. Haikupita muda akaniletea kiondo cha kwanza kwa lori, kimejaa ndengu pomoni.

Mimi nikajua hiyo ni sampuli. Ndengu nikazimimina, tukazila kwa chapati. Kiondo nikakipima bitana, nikakifua, nikakianika, nikakirudisha Gachoka kisafi kinang'aa, na ujumbe juu: "Kizuri sana, suka vingine kama hiki." Najiona fundi kwelikweli! Kuanzia hapo, kimya. Simu hashiki. Kiondo hakiji. Na arusi ya Kendi yakaribia, naye kila akipita auliza, nami nachekacheka tu.

Ni Kagendo aliyenifumbua macho.

"Kwani ulimwekea nini ndani?"

"Ndani ya nini?"

"Ya kiondo!"

"Nilikifua, Kagendo. Kilikuwa kisafi..."

"Woi! Rukia! Ulirudisha kiondo ya mama wa watu ikiwa tupu? Si hiyo ni kumwambia asikuje kwako tena?"

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Mimi! Mimi mtoto wa Msambweni, niliyekuzwa na sahani za majirani, zije na mahamri, zirudi na mbaazi! Wewe mwenyewe wakumbuka ulivyonichapa kwa kurudisha bakuli la jirani tupu. Sahani naijua. Sikujua tu kwamba kiondo nacho ni sahani.

Basi nikawa natafuta nimpelekee nini, na nimtilie ndani ya nini. Jicho likaangukia kapu lako, lile la miyaa myekundu ulilonipa nilipoolewa. Usinune, lakini lilikuwa la vitunguu. Nikalipangusa, nikatia mkate wa sinia, mahamri na halua, na Salimu alipokuwa akienda Embu akanishusha Gachoka. Jua la kule ni jua la kwetu hasa. Nikavua sweta nikajisikia mtu.

Mama Ciarunji alinipa kiti na chai, akarudi kusokota uzi wake. Nikamkabidhi kapu kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama. Sikujua." Akatoa vyakula kimoja kimoja, akaviweka mezani. Kisha akalipindua kapu, akapitisha kidole kwenye mshono wa ukili polepole, mzunguko mzima, mwisho akalinusa. Nikamwomba Mungu afiche vile vitunguu.

"Hii nani ametengeneza?"

"Mama yangu."

"Na bado anatengeneza?"

Sikuweza kumdanganya. "Ameacha."

"Ameacha? Kwani mikono imekatika?"

"Hapana. Asema hakuna anayetaka."

"Mimi nataka," akasema. "Mwambie iko mtu Gachoka anataka."

Machozi yakanitoka, mama, nikasingizia moshi wa jikoni. Hakudanganyika. Akaumega mkate wa sinia, akanipa kipande kikubwa. "Kula, wacha kulia. Vyondo utapata."

Na kweli nilivipata, na Kendi ameolewa, na mashangazi walivigeuza nje ndani wasome leso zao. Mmoja kapata "Jirani usinichungulie," akazunguka nacho uwanja mzima akimtafuta wa kumwonyesha.

Kapu lako Mama Ciarunji alikataa kunirudishia siku ile. "Si yako, ni ya mama yako." Alilileta pamoja na vyondo, na sasa liko mikononi mwako, kama Salimu hakulikalia. Humo mna ndengu, kunde, bonge la uzi aliousokota, na kitako cha kiondo alichokianza akakiachia hapo. Asema kuanzia hapo uendelee wewe na miyaa yako, ataka kuona kitakuwa kitu gani. Hata mimi nataka kuona. Kagendo ameshakichagulia leso.

Nisalimie shangazi, najua yuko hapo begani kwako. Nisalimie kaka Hamisi na baiskeli zake mbovu, na mama muuza viazi karai wa njia panda. Na yule jirani wa mnazi, msalimie kwa upole: kama miyaa haijaungua yote, airudishe.

Salimu atapita kulichukua kapu kabla hajapanda tena Meru. Mimi sikufundishi kitu, mama. Wewe ndiye uliyenichapa kwa lile bakuli.

Mwanao akupendaye,
Rukia