Honora wa Boston ni Wetu

Kilkeeran, Kaunti ya Mayo

Dada Dympna mpenzi,

Sisi hatujambo, mvua haijatuacha, na ng'ombe mwekundu kazaa. Binti yangu Sorcha kafaulu mitihani ya uuguzi, wa kwanza darasani. Mwalimu wake kaniambia mwenyewe, wala sikumuuliza.

Barua yako ilinichoma. Eti umefuta safari ya kuja kwetu, kwa kuwa bibi yako Honora alishuka Boston na miaka kumi na minane, na Honora wa kitabu chetu cha ubatizo angekuwa na ishirini na miwili. Eti basi sisi si ndugu! Sorcha alimsomea mama yangu maneno hayo kitandani. Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Ninyi na vitabu vyenu! Honora walikuwa wawili. Wa kwanza alikufa kwa surua, mdogo wake alipozaliwa akapewa jina lile lile. Mlitaka jina la nyanya yao lizikwe na mtoto?"

"Mbona wa pili hayumo kitabuni, bibi?" Sorcha akamuuliza.

"Kurasa zake ziliozea kanisani. Mimi sijaoza bado. Huyo wa pili ni mama yangu mdogo."

Jumapili kasisi alimpaka mama mafuta ya wagonjwa mahututi. Tangu hapo hataki tufunge mlango. Kila gari likipita anauliza, "Ni watu wa Honora?"

Usingoje karatasi nyingine, Dympna. Panda ndege. Nimechoka kumjibu kwamba ni gari la maziwa.

Ndugu yako, utake usitake,
Concepta Gaughan