Maji Yasiyotoka Popote

Jumanne, 9 Juni

Tambi! Mbele ya watu wote wa maabara Garrett, anayeandika programu yetu ya kukisia mafuriko, amesema pembetatu zangu zimekonda kama tambi, ndiyo maana programu inavunjika. Wamecheka. Hata Profesa Okerlund ametabasamu, na yeye ndiye aliyenialika nifanye kazi hapa kabla sijaanza chuo.

Nimechora ramani ya bonde zima la mto kwa pembetatu, wiki baada ya wiki, ili programu ipige hesabu ya maji ya kila moja. Kando ya tuta linalozuia mto nimezibana zifuate ukingo wake. Lazima ziwe nyembamba pale! Pembetatu nono ingekanyaga pande zote mbili za tuta, na tuta lingefutika kwenye hesabu. Garrett analijua hilo. Ana udaktari wa mambo haya. Kwa nini hakusema?

Kwa nini mimi sikusema?

Jumatano, 10 Juni

Garrett kairekebisha programu, imefika mwisho bila kuvunjika. Picha inapendeza — mawimbi makali, hayajafifia kama yale ya njia ya zamani, iliyoweka kimo kimoja tu cha maji kwa kila pembetatu. Sasa ndani ya kila pembetatu uso wa maji una mkunjo wake. Shida ni kwamba kwenye ncha ya mafuriko mkunjo unayumba na kuzama chini ya ardhi. Maji hasi, kina chini ya sifuri! Nimemuuliza Garrett ameyafanyaje. Kasema ameyapandisha hadi sifuri, basi.

Lakini kwenye picha maji yamevuka tuta na kujaa Mtaa wa Tannery. Mtaa wetu. Ijumaa kaunti inaitazama picha hii ili kuamua nyumba zipi zinunuliwe na kubomolewa.

Nimejumlisha maji yote ya bonde, mwanzo na mwisho, nikahesabu na yaliyoletwa na kuchukuliwa na mto. Yamezidi. Na kazi hii yote ina sheria moja: kinachotoka pembetatu hii kinaingia ya jirani, hakuna kinachozaliwa njiani. Kila anapopandisha hasi hadi sifuri, Garrett anazaa maji. Angeulaza mkunjo kuelekea wastani wa maji ya pembetatu yenyewe, jumla isingeguswa. Ila angelazimika kuyasogeza mafuriko kwa vipande vifupi zaidi vya muda, na kompyuta ingehangaika siku nzima na zaidi. Hataki kungoja.

Nimemwambia kwenye mashine ya kahawa. Sauti ilikuwa ndogo, lakini nilisema. Kacheka. Eti kila mtu hufanya hivyo, ni matone tu.

"Mdogo wangu, wewe chora. Hesabu tuachie."

Nikajibu sawa. Sawa!

Alhamisi, 11 Juni

Bibi kasikia kwa jirani kwamba mtaa wetu huenda ukabomolewa. Mezani kaniuliza kama atoe sofa nje mwenyewe au tutamletea watu wa kubeba. Mama kacheka, mimi sikuweza. Bibi anasema alijaza magunia ya mchanga kwenye tuta lile akiwa na mimba ya Mama, na halikupitisha hata kikombe.

"Si wewe uko hukohuko? Waambie."

Nimebamiza mlango. Simkasirikii yeye.

Ijumaa, 12 Juni

Nipo kwenye benchi, korido ya ofisi za kaunti. 

Garrett ameonyesha picha. Mzee mmoja wa kaunti kaweka kidole kwenye Mtaa wa Tannery, akasema hapa hakuna mjadala. Garrett akaitikia kwa kichwa. Akaitikia! Nikajikuta nimesimama.

"Bonde lina maji mengi kuliko yaliyoingia."

Mtu akauliza huyu ni nani. Mtoto anayetuchorea pembetatu, Garrett akajibu. Safari hii Profesa hakutabasamu. Akamwomba Garrett aonyeshe jumla ya maji. Hana. Hajawahi kuipiga. Profesa akaomba mapumziko, watu wa kaunti wakaenda kunywa kahawa, mimi nikaambiwa nisubiri nje.

Mlango haujafungwa vizuri. Profesa anauliza kama kuna mtu aliyemwonya kabla ya leo.

"Nani anionye?"

"Maren?"

"Maren haongei, Profesa. Si unamjua."

Mimi, haongei!

Viatu vinakuja. Profesa amesimama mlangoni, anasema niingie, nimweleze nilimwambia Garrett nini na lini. Garrett yuko nyuma ya bega lake. Ananitikisia kichwa, kidogo tu, mara moja — ananisihi nisiseme. Sijawahi kuona mtu akiogopa sauti yangu. Nafunga daftari, naingia kusema.